Uzi: Kuunga nguzo na boriti kwa ulimi na tundu, zana za mkono tu (kwa anayeanza)

Seremala wa Bombo

Habari zenu ndugu.

Mwezi uliopita nilimsaidia jirani kubomoa banda la ng'ombe lisilofikisha hata miaka sita. Nguzo za kalitunsi (mkaratusi) zilikuwa bado nzima. Kilichoua banda ni misumari. Kila nguzo ilipokutana na boriti palikuwa na misumari minne au mitano ya inchi 5, imepigwa karibu na ncha ya mbao. Mbao ikapasuka kufuata nyuzi zake, maji yakaingia kwenye ufa, kutu ikala msumari, msumari ukalegea. Upepo wa mvua ukamalizia.

Mjomba aliyenifundisha kazi alikuwa na banda la kuwekea mbao, lililosimama tangu sijazaliwa. Halikuwa na msumari hata mmoja chini ya paa. Nguzo na boriti ziliungwa kwa ulimi na tundu, kisha zikakazwa kwa vigingi vya mti. Nimefungua uzi huu kwa sababu vijana wengi wananiambia kazi ile haiwezekani bila mashine. Inawezekana. Nitaeleza kama nilivyofundishwa, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Kwanza tuelewane maneno. Ulimi ni sehemu unayoiacha kwenye ncha ya boriti baada ya kuondoa mbao pembeni. Tundu ni shimo la pembe nne kwenye nguzo linalopokea ulimi. Bega ni pale ulimi unapoanzia, ukingo unaokaa juu ya uso wa nguzo. Wengi hudhani nguvu iko kwenye ulimi. Ulimi unashika boriti isitoke na kusaidia kubeba mzigo, lakini bega ndilo linalokizuia kiungo kisicheze. Bega likiwa na mwanya, kiungo chako kitacheza hata kama ulimi umebana.

Seremala wa Bombo

Zana. Usinunue sanduku zima. Nilianza na hizi:

Msumeno wa kupasulia na msumeno wa kukatia. Siyo kitu kimoja. Wa kupasulia meno yake yamepigwa tupa moja kwa moja, kila jino ni kama patasi ndogo inayokwangua kufuata nyuzi. Wa kukatia meno yamepigwa tupa mshazari, kila jino ni kama kisu kinachokata nyuzi kwa upana. Ukiwa na mmoja tu, uwe wa kukatia, maana utapasua nao polepole lakini bega litatoka safi.

Patasi mbili, ya inchi 1 na ya nusu inchi. Nyundo ya mti. Hii jitengenezee kwa kipande cha mugavu au mti wowote mgumu, kwa sababu nyundo ya chuma itavunja mpini wa patasi. Skwea. Geji ya kuchorea mstari sambamba na ukingo. Keekee, au drili ya mkono, ya kutoboa. Penseli na kisu chembamba. Kinoo. Randa inaweza kusubiri.

Nitakaa kwenye makali kidogo, kwani hapo ndipo wanafunzi wangu huacha kazi. Patasi ya dukani haijanolewa, imekatwa umbo tu. Anza na mgongo, ule upande bapa. Bandika msasa mkali kwenye kipande cha kioo, lowesha, sugua mgongo mpaka inchi moja ya mwisho karibu na makali ing'ae yote sawa. Kazi hii hufanywa mara moja tu katika maisha ya patasi, lakini inaweza kuchukua jioni nzima. Kisha geuza, noa upande wa mteremko kwa pembe ya nyuzi (digrii) 25 hadi 30. Ukichimba matundu kwenye mbao ngumu kaa kwenye 30, makali hayatavunjika upesi. Sugua mpaka uhisi kwa kidole ukoko mwembamba wa chuma umejikunja upande wa mgongo. Usipouhisi, hujafika kwenye makali bado, endelea. Ukishauhisi, laza mgongo kwenye kinoo, uuondoe kwa kuvuta mara chache.

Jaribu kwa kukata ncha ya payini, pale nyuzi zinapoishia. Payini ni laini, na patasi butu huiponda. Ikikata ikaacha uso laini unaong'aa, uko tayari.

Nyabo wa Mbale

Asante mwalimu. Mimi naanza kabisa, nataka kujenga jiko la nje nyumbani. Patasi yangu nilinunua mjini, ninainoa vizuri lakini nikichimba kidogo makali yanajikunja kama bati. Kosa ni langu?

Hajji wa Ndeeba

Dada, si kosa lako. Hicho ni chuma laini, hakikupewa moto ipasavyo. Nenda Katwe, kule Kampala, waombe wahunzi wakutengenezee kutoka springi ya gari. Hakikisha wanaipa moto mara mbili. Mara ya kwanza chuma kinapashwa mpaka sumaku haikishiki tena, ndipo kinatumbukizwa kwenye oili. Hapo kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Mara ya pili, unasugua sehemu ing'ae, unakipasha taratibu kutoka upande wa mpini, unatazama rangi inavyotembea. Rangi ya majani makavu ikifika kwenye makali, kizime. Wengi huruka hatua ya pili kwa haraka ya kuuza.

Nami niseme neno juu ya misumari. Nimeuza mbao Ndeeba muda mrefu. Kenchi za mbao nyembamba za inchi 4 kwa 2 msumari unazitosha. Usiwafanye watu wadhani msumari ni haramu.

Seremala wa Bombo

Hajji umesema kweli, na asante kwa maelezo ya moto. Kenchi za mbao za inchi 2, papi, ubao wa ukutani, yote hayo msumari unayaweza. Mimi nazungumzia nguzo na boriti nene zinazobeba nyumba. Hapo msumari hauingii kwa kina cha kutosha ukilinganisha na unene wa mbao, nayo mbao inaponywea msumari hauifuati. Kigingi cha mti kinanywea na kuvimba pamoja nayo.

Kijana wa Tororo

Naomba kuuliza bila ubaya. Huu si ufundi wa Wazungu na Wajapani? Babu zetu walijenga kwa fito na kamba.

Seremala wa Bombo

Swali zuri, wala halina ubaya. Ni kweli huku kwetu ufundi mkubwa ulikuwa wa kufunga. Tazama Muzibu Azaala Mpanga pale Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882 kama jumba la Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa I, ikawa kaburi lake 1884. Paa lile lina pete 52, moja kwa kila ukoo wa Baganda, na uezekaji wake ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye. Jengo liliungua tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mitumbwi ya zamani ya Ziwa Nyanza nayo ilishonwa ubao kwa ubao. Kamba ina akili yake: inaruhusu jengo kusogea kidogo bila kuvunjika.

Ulimi na tundu ni njia nyingine. Hekalu la Horyu-ji kule Japani lina majengo ya mbao yaliyosimama tangu karne ya 7 na ya 8, na viungo vyake ni vya namna hii. Milango ya Lamu na Unguja imeungwa hivyo hivyo, na mlango wa fremu wa nyumbani kwako Tororo, ukiwa umetengenezwa na seremala wa kweli, una ulimi na tundu kila pembe. Basi ni ufundi unaoujua tayari, ila tunaukuza.

Seremala wa Bombo

Sasa sehemu ambayo, mtu akiielewa, nyingine zote zinafuata.

Mbao tunazonunua hazina pembe mraba. Zinapasuliwa porini kwa msumeno wa injini, mkono tu, kama zamani zilivyopasuliwa shimoni, mmoja juu mmoja chini. Ukiomba nguzo za 4 kwa 4, utapimiwa moja yenye inchi 3 na robo tatu huku, 4 na robo kule, na nyingine imejipinda. Anayeanza huchukua kipimo kutoka ukingo wowote ulio karibu. Nguzo ya kwanza anapima kutoka kushoto, ya pili kutoka kulia, na siku ya kusimamisha banda boriti moja ni fupi, nyingine ndefu. Mimi mwenyewe niliharibu nguzo tatu za mteja hivyo katika mwaka wangu wa pili, nikazilipa.

Dawa yake ni hii. Kila mbao, chagua nyuso mbili zinazokutana, zile zilizonyooka zaidi. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha uone uso upi umenyooka. Weka skwea kwenye kona yao, na kama si mraba, randa au patasi itengeneze pale viungo vitakapokaa, si mbao nzima. Zitie alama ya penseli isiyofutika. Hizo ndizo nyuso za kuanzia. Tangu hapo, kipimo chochote, geji yoyote, skwea yoyote, inaegemea nyuso hizo tu. Nyuso mbili nyingine zisahau kabisa, ziwe na mawimbi zikitaka.

Kwenye jengo, nyuso za kuanzia zielekee nje na juu, maana huko ndiko ukuta na paa vinakaa.

Hatua inayofuata ndiyo siri ya mafundi wa zamani. Ndani ya kila nguzo mbovu ya inchi 4, fikiria kuna nguzo kamili ya inchi 3 na nusu, iliyojificha. Boriti inapokutana na nguzo kwenye uso usio wa kuanzia, pima inchi 3 na nusu kutoka uso wa kuanzia ulio upande wa pili, chora mstari, chimba chini mpaka kwenye mstari huo, upana wa boriti tu. Nguzo iliyokuwa na 4 na robo utatoa robo tatu ya inchi, iliyokuwa na 3 na robo tatu utatoa robo. Sasa bega la boriti linakaa kwenye nguzo kamili iliyokuwa imejificha. Boriti zote utazikata urefu mmoja na zitaingia popote. Tena boriti inakalia kidato cha nguzo, haitegemei ulimi pekee.

Fundi mdogo Arua

Mzee, hapa umenifungua macho. Nilikuwa naranda nguzo nzima pande nne mpaka mgongo unauma, na bado hazilingani.

Seremala wa Bombo

Pole ndugu. Sasa twende kwenye kukata.

Ulimi kwa nguzo ya 4 kwa 4: unene inchi 1 na nusu, ukianzia inchi 1 na nusu kutoka uso wa kuanzia. Ukifunga geji kwa vipimo hivyo viwili, tumia geji hiyo hiyo kwa ulimi na kwa tundu, usibadilishe mpaka umalize jengo lote. Urefu wa ulimi usipungue inchi 3, ili nyuma ya kigingi ibaki nyama ya kutosha.

Tundu likatwe kwanza. Chora kwa kisu, si penseli, sehemu ya bega, kwani kisu kinakata nyuzi na patasi itapata mahali pa kukaa. Toboa mashimo kwa keekee kufuatana ndani ya mistari. Kama tundu linapenya upande wa pili, toboa nusu kutoka huku na nusu kutoka kule, la sivyo utararua upande wa kutokea. Kisha patasi. Kwenye ncha mbili za tundu unakata nyuzi kwa upana, hapo ndipo nyundo inahitajika. Kwenye kuta ndefu unakata kufuata nyuzi, sukuma kwa mikono na tahadhari, mbao inaweza kupasuka kupita mstari. Simama mbele ya patasi uone kama imesimama wima, au weka skwea kando yake uitazame.

Ulimi: pasua mashavu kwanza, kisha kata mabega. Msumeno upite upande wa mbao inayotupwa, mstari ubaki ukionekana. Kutoa tena kidogo kwa patasi ni rahisi, kuongeza haiwezekani. Ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono na kumalizia kwa kugonga kidogo. Ukihitaji kupiga kwa nguvu, toa, tazama wapi panang'aa kwa kusuguliwa, punguza hapo.

Kigingi. Sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kiungo kinapojikaza chenyewe. Toboa nguzo kwanza, shimo la robo tatu ya inchi, likipita kwenye tundu. Ingiza ulimi mpaka bega likae. Rudisha keekee kwenye shimo, gusa tu ulimi ncha ya keekee iache alama. Toa ulimi. Sasa usitoboe kwenye alama, sogea kuelekea bega. Kwa mbao ngumu milimita 1 na nusu, kwa payini hadi 3. Toboa hapo. Ukirudisha ulimi, mashimo hayalingani kidogo, na kigingi kikipita kinavuta bega kwenye nguzo kwa nguvu kuliko kibano chochote.

Vigingi vipasuliwe kwa shoka au panga kutoka mti mkavu, mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka. Visikatwe kwa msumeno. Msumeno hauheshimu nyuzi, na kigingi ambacho nyuzi zake zinakatiza kitavunjika kikipita kona ile. Chonga ncha iwe nyembamba kama penseli nene. Kikauke kuliko jengo, weka juu ya jiko wiki kadhaa.

Nyabo wa Mbale

Nitumie mbao gani mwalimu? Na muvule je?

Seremala wa Bombo

Dada, kiungo cha kwanza fanya kwa payini. Ni laini, imenyooka, na kosa halikugharimu sana. Kalitunsi ina nguvu na ndiyo mbao ya maskini na tajiri, lakini inapokauka inajipinda na kupasuka kwenye ncha, kwa hiyo paka ncha rangi au nta siku ileile unapoileta nyumbani, na chagua zilizopasuliwa mbali na moyo wa mti. Musizi ni nyepesi, nzuri kwa kazi ya ndani, lakini mchwa wanaipenda. Muvule ni mti wa heshima, kiini chake mchwa hawakiwezi. Umekuwa haba na ghali, siwezi kumshauri anayeanza ajifunzie juu yake. Kuna jambo lingine: ndani ya muvule huwa na vipande vya mawe, chokaa ambayo mti wenyewe umeitengeneza. Patasi ikikutana nalo, makali yote yanaondoka. Na vumbi lake linawasha pua na ngozi, funga kitambaa.

Mbao hunywea upande kwa upande, urefu karibu haubadiliki. Ndiyo maana umbali kati ya mabega utabaki uleule ukikata ikiwa mbichi, ila ulimi utapungua unene.

Fundi mdogo Arua

Mchwa wa huku kwetu hawachagui. Nguzo nikizika miaka mitatu imeisha. Nifanyeje?

Hajji wa Ndeeba

Kijana, usizike. Hata nguzo iliyotiwa dawa ikikatwa ncha dawa inaisha pale ulipokata, maana haikufika ndani.

Seremala wa Bombo

Hajji amemaliza. Kiunzi cha ulimi na tundu kinajisimamia chenyewe kwa mishazari (mbao fupi zinazolala kati ya nguzo na boriti), hakihitaji kuzikwa. Simamisha nguzo juu ya jiwe au zege lililoinuka futi moja kutoka ardhini, ukiweka chuma cha kuifunga isibebwe na upepo. Mchwa watajenga njia yao juu ya jiwe, utaiona, utaifagia. Nguzo iliyozikwa inaliwa usikokuona.

Mishazari isisahaulike. Kila nguzo ya pembeni iwe na mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45. Ukishuka futi 2 kwenye nguzo na kwenda futi 2 kwenye boriti, mshazari kati ya pointi hizo ni inchi 34 kasoro kidogo sana. Pembe za jengo zima zipime kwa futi 6, 8 na 10. Upande mmoja 6, mwingine 8, na ukivuka lazima upate 10 kamili.

Nyabo wa Mbale

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimetengeneza kiungo kimoja cha majaribio, nguzo na boriti za payini. Ulimi umeingia vizuri, lakini bega upande mmoja limegusa na upande wa pili lina mwanya wa kama sarafu. Nimekasirika nusu nitupe.

Seremala wa Bombo

Usitupe dada. Ingiza ulimi mpaka bega liguse pale linapogusa. Funga kwa kamba au kibano lisisogee. Sasa pitisha msumeno wa kukatia katikati ya bega na nguzo, kwenye mstari wa kukutana, ukizunguka mpaka karibu na ulimi bila kuukata. Msumeno utakula pale palipobana na kupita bure penye mwanya. Sukuma ndani tena. Kama bado, rudia. Kila mara pande mbili zinazidi kufanana kwa sababu msumeno mmoja unakata zote mbili kwa pamoja.

Boriti itapungua milimita moja au mbili, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kutia alama ya kigingi. Ukiwa tayari umetoboa ulimi, umbali wa kuvutia utapungua au kuisha kabisa na kigingi hakitavuta bega.

Nyabo wa Mbale

Nilikuwa bado sijatoboa. Nimepitisha msumeno mara mbili, sasa karatasi haipiti kati ya bega na nguzo. Kigingi nimekipasua kutoka mugavu wa nyuma ya nyumba, kiko juu ya jiko kinakauka. Kesho naanza nguzo ya pili, nimeshatia alama nyuso za kuanzia.